MBONA YEYE HATETEMEKI?
Somo la kikundi kuhusu ugonjwa wa Parkinson



Masomo yaliyopita yalikuwa ya mbolea, ya hesabu za kikundi na ya maji safi. Safari hii tunaleta somo la afya. Tunaligusa kwa sababu tumeona mwanachama akitozwa faini na kusengenywa kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake. Na sisi wenyewe, kama mtakavyosoma, hatukuwa safi.

Lengo la somo: Kila mwanakikundi aweze kueleza kwa nini wagonjwa wawili wa Parkinson hawafanani, na kikundi kiamue jambo moja la kufanya.

Muda: Saa mbili. Mwezeshaji asome kwa sauti, polepole, na asimame penye maswali.

1. HADITHI YA KUANZIA

Katika kijiji kimoja tunachotembelea kuna mzee mmoja, fundi wa mbao. Ana miaka sabini na kitu. Akiketi bila kazi, mkono wake wa kulia hutetemeka, na kidole gumba kinasugua vidole vingine kama mtu anayehesabu noti. Akishika randa, mkono unatulia kidogo. Anatembea vizuri, anapanda kilima mpaka kanisani. Kijiji chote kinajua kwamba ana ugonjwa wa kutetemeka, na watu wanamhurumia sana.

Katika kijiji hicho hicho kuna mama mmoja wa miaka 58, mwanachama wa kikundi cha kusuka vyondo. Yeye alianza kwa kulalamika bega la kushoto. Baadaye kazi ikapungua. Kiondo alichokuwa akimaliza kwa wiki moja kikawa kinachukua wiki tatu. Akitembea, mkono wa kushoto hauendi pamoja na miguu, unaning'inia tu. Uso wake ukakauka. Ukimsalimia hatabasamu, na sauti imeshuka mpaka umsogelee ndiyo umsikie.

Wenzake wakasema, “Huyu amenuna kwa sababu alinyimwa mkopo.” Akichelewa mkutanoni anatozwa faini. Kisha likaja neno zito zaidi. Mweka hazina akafungua daftari la michango akaona sahihi ya mama imekuwa ndogo, imebanana kama nyayo za sisimizi. Akauliza mbele ya watu, “Hii si sahihi yake. Ni nani anamtilia sahihi?” Mama akajaribu kujibu, lakini sauti haikutoka. Watu wakaona kunyamaza kwake ni kukubali kosa.

Na sisi tuliomtembelea, tuliandika nini kwenye ripoti yetu? Tuliandika ya kwamba mwanachama huyo amekufa moyo, na tukashauri kikundi kimtafute mwingine wa kushika nafasi yake. Tulikuwa tumemtazama usoni, na hatukuona ugonjwa.

Siku moja mama alianguka njiani akitoka kuteka maji, akavunjika kiwiko. Afisa wa kliniki aliyemfunga plasta hakutazama kiwiko peke yake. Alimwambia afungue na kufumba vidole haraka haraka, akamwambia aandike jina lake, akamtazama akitembea. Halafu akampa barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Huko daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson.

Habari ilipofika kikundini, ikazua ubishi. “Ati ni ugonjwa wa yule mzee fundi? Mbona yeye hatetemeki?” Mmoja akasema daktari amekosea. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba mama amelogwa.

Simama hapa. Ulizeni: Kama tungekuwa katika kikundi hicho, tungesema nini? Je, kuna mtu kwetu ambaye tumemhukumu kwa uso wake au kwa ucheleweshaji wake?

2. JINA LILIANZA NA KUTETEMEKA

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliandika kijitabu kuhusu watu sita. Wengine kati yao aliwaona tu wakipita barabarani. Aliuita ugonjwa wao kupooza kwa kutetemeka. Baadaye katika karne hiyo hiyo, daktari wa Paris aliyeitwa Jean-Martin Charcot alionyesha kwamba wagonjwa wengine hawatetemeki kabisa. Akashauri ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson, ili watu wasidanganywe na neno kutetemeka.

Kwa hivyo swali la kikundi chetu si la kijinga. Madaktari wenyewe walilipitia zamani. Siku hizi wanakubaliana kwamba dalili isiyokosekana ni wepesi kupungua: mwili unafanya mambo polepole, na kila tendo linaporudiwa linazidi kuwa dogo. Ndiyo sababu hata mwandiko unapungua. Pamoja na hiyo, kuwe na kukakamaa kwa viungo au kutetemeka kwa kiungo kilichopumzika. Karibu wagonjwa saba kati ya kumi hutetemeka ugonjwa unapoanza. Hao wengine watatu ndio wanaokosa kutambuliwa, kama mama yetu.

Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Hapa jirani, katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu wapatao 161,000, na wakachapisha matokeo mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao, sembuse kupewa dawa. Waliishi nao nyumbani tu, wakiitwa wazee.

3. MRADI WA MAJI ULIO KICHWANI

Vikundi vingi vinavyosoma gazeti hili vina mradi wa maji. Basi hebu tufikirie ubongo kama mradi wa maji wenye chemchemi kadhaa. Kila chemchemi inapeleka maji kwenye paipu zake.

Chemchemi moja iko ndani kabisa chini ya ubongo, mahali penye rangi nyeusi. Maji yake ni kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ndiyo inayosaidia ubongo kuanzisha na kulainisha mwendo: kuinuka kitini, kugeuka kitandani, kufunga kifungo, kusuka. Katika ugonjwa wa Parkinson seli za hapo zinakufa kidogo kidogo. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kwenda. Ubongo ulikuwa unajikaza kwa miaka, kama familia inayotumia maji kwa kubana mpaka siku tangi linakauka.

Ndani ya seli zinazougua, mara nyingi hupatikana mabonge madogo ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Yanaitwa mabonge ya Lewy, kwa jina la daktari Friedrich Lewy aliyeyaeleza mwaka 1912.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Ugonjwa haukaushi chemchemi hiyo moja tu, na haufuati njia moja kwa watu wote.

(a) Kwa wengine uharibifu huonekana kuanzia kwenye neva za tumbo au sehemu ya chini ya ubongo, kisha unapanda. Watu hawa hufunga choo kwa miaka, au hupiga kelele na kurusha ngumi usingizini, kabla mkono haujawa mzito. Wengine hupoteza kusikia harufu ya chakula.

(b) Kwa wengine uharibifu huonekana kuanzia ndani ya ubongo, upande mmoja. Hawa dalili ya kwanza ni mkono au mguu wa upande mmoja. Kwa kawaida upande ulioanza ndio unaobaki mbaya zaidi hata upande wa pili ukifuata.

(c) Wengine chemchemi zinazoshughulika na usingizi, moyo wa furaha na kumbukumbu huguswa mapema. Kwao huzuni nzito au woga huja kabla ya kukakamaa.

(d) Madaktari waliochunguza ubongo wa wagonjwa waliofariki wameona mambo mengi. Kuna wenye mabonge katika sehemu ya chini tu, na wenye mabonge ubongo mzima. Kuna waliokuwa pia na uharibifu wa ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, au mishipa ya damu iliyoziba. Kuna waliorithi aina fulani ya ugonjwa huu ambao seli zao zilikufa lakini mabonge hayakuonekana. Na kuna wazee waliokutwa na mabonge, ambao maishani hawakuonyesha dalili yoyote.

Ukiona hayo, utaelewa kwa nini mzee fundi na mama msusi wako na ugonjwa mmoja na hawafanani. Mradi ni mmoja, lakini nyumba zilizokosa maji si zile zile.

Ulizeni: Katika mradi wetu wa maji, paipu ikikatika juu, ni nani hukosa maji kwanza? Je, ni kosa lake?

4. TOFAUTI TUNAZOZIONA

Umri. Walio wengi huanza baada ya miaka 60, lakini hata mtu wa miaka 35 au 40 anaweza kuupata. Anayeanza akiwa kijana kwa kawaida huendelea polepole na akili hubaki sawa muda mrefu, ingawa vidole vya mguu vinaweza kujikunja kwa maumivu. Anayeanza akiwa mzee sana huwahi kupata shida ya kuanguka na kusahau.

Aina ya mwendo. Wenye kutetemeka zaidi mara nyingi huendelea polepole kuliko wale wanaoanza kwa shida ya kutembea na kukosa usawa. Hapa tunaona kinyume cha mambo: yule tunayemhurumia kwa sababu anatetemeka huenda ana nafuu kuliko yule tunayemwita mvivu.

Yasiyoonekana. Kufunga choo, kizunguzungu akisimama, mate kujaa mdomoni, kumeza kwa shida, kukosa usingizi, kuchoka, kuona vitu ambavyo havipo. Mwingine ana mawili, mwingine ana yote.

Saa kwa saa. Mgonjwa anaweza kutembea vizuri saa nne asubuhi, na saa saba mchana miguu ikaganda mlangoni kana kwamba imepigwa misumari. Huyu haigizi. Ugonjwa ukikomaa, tangi la dopamini ni dogo, na dawa ikiisha mwilini anakwama mpaka anywe nyingine.

5. WATU WAWILI TUNAOWAJUA SOTE

Bondia Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, alitambuliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1984 akiwa na miaka 42. Sauti yake iliyokuwa ikinguruma ikawa ya kunong'ona. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Alifariki mwaka 2016. Aliishi na ugonjwa miaka 32 tangu utambuliwe.

Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuja Kenya mara tatu, 1980, 1985 na 1995, aliupata akiwa mzee. Mkono wa kushoto ulitetemeka, mgongo ukainama, uso ukakauka na maneno yakawa mazito. Vatikani ilitaja ugonjwa wake wazi mwaka 2003, naye akafariki mwaka 2005. 

Mmoja kijana mwenye nguvu, mwingine mzee wa sala. Ugonjwa mmoja, safari mbili. Na hakuna hata mmoja aliyefichwa nyumbani.

6. SI KILA ANAYETETEMEKA ANA PARKINSON

Kuna mtu ambaye mikono hutetemeka anapoinua kikombe, lakini ikipumzika inatulia. Mara nyingi huo ni mtetemeko mwingine, ambao huweza kurithiwa katika ukoo. Tezi ya shingo ikizidi kazi, mtu hutetemeka. Anayeacha pombe ghafla hutetemeka, na hiyo ni hatari, apelekwe hospitali.

Zaidi ya hayo, kuna dawa zinazoweza kuleta dalili kama za Parkinson. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa akili, kama haloperidoli, na dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramaidi, zinaweza kumfanya mtu akakamae. Mara nyingi dalili hupungua daktari akibadilisha dawa. Kwa hivyo mgonjwa akienda kliniki abebe dawa zote anazotumia. Lakini asiache mwenyewe bila kuuliza.

Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachosema moja kwa moja kwamba huyu ana Parkinson. Daktari huutambua kwa kumsikiliza, kumpima na kumtazama akitembea. Ndiyo maana yale tunayoyaona nyumbani yana thamani kubwa kwake.

7. KUHUSU DAWA

Dawa inayotumika zaidi ni levodopa ikiunganishwa na kabidopa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwilini levodopa hugeuka kuwa dopamini. Haiponyi, lakini inaweza kumrudisha mtu shambani na jikoni.

Mambo ya kukumbuka:

– Dawa inajaza chemchemi ya dopamini. Chemchemi nyingine haizifikii. Kwa hivyo mgonjwa anaweza kulainika mikono, na bado akafunga choo, akahuzunika au akaanguka. Tusiseme dawa ni bure. Tumrudishe kwa daktari, kwa maana hayo nayo yana matibabu yake.

– Kipimo cha jirani si kipimo chako. Msigawane tembe hata kama ugonjwa ni mmoja.

– Dawa inywewe kwa saa ile ile kila siku. Kwa wengine, nyama, maharagwe, mayai au maziwa mengi yakiliwa pamoja na dawa huipunguza nguvu. Ulizeni kliniki jinsi ya kupanga saa za chakula. Msimnyime mgonjwa maharagwe kabisa, maana atadhoofika.

– Asiache dawa ghafla. Ni hatari. Pesa zikikosekana, afadhali kikundi kijue mapema kabla chupa haijaisha.

– Mbegu za upupu zina levodopa kweli. Lakini ukichemsha nyumbani hujui ni kiasi gani umekunywa. Anayezitumia amwambie daktari, asifiche.

– Anayedai ataponya kabisa kwa ng'ombe mmoja au kwa kumtaja jirani aliyeroga, anachukua ng'ombe wako na kukuachia ugonjwa pamoja na uadui. Tumesikia wazee wakipigwa na hata kuuawa kwa shutuma za uchawi katika nchi yetu. Kikundi cha maendeleo kisiwe mahali pa kuanzishia maneno hayo.

8. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, daftari la mgonjwa. Mtoto au mjukuu aandike kwa wiki moja: saa ya dawa, saa ya chakula, saa alizotembea vizuri, saa alizokwama, kama alianguka, kama alilala. Daftari hilo liende kliniki. Usiandike dalili za mzee fundi, andika za mama huyu.

Pili, mazoezi. Kutembea kila siku, kunyoosha mikono, kuimba kwa sauti kubwa. Miguu ikiganda, usimvute. Mwambie atulie, kisha ahesabu moja, mbili, au avuke kijiti ulichomwekea chini. Wengi huanza kutembea tena.

Tatu, nyumba. Ondoeni mawe na kamba njiani, wekeni kishikio chooni, kiti kiwe cha juu kidogo. Akiwa anakula aketi wima, asiharakishwe.

Nne, kazi. Mpangieni mikutano kwa saa ambazo dawa inafanya kazi. Mpeni kazi anayoiweza. Yule mzee fundi alitwambia jambo tusilosahau. Watu walipoacha kumletea kazi kwa huruma, alisema, “Mkono ndio unatetemeka. Kichwa changu hakitetemeki.” Sasa vijana wawili wanakata mbao na yeye anapima.

Tano, mlezi. Anayemwinua mgonjwa usiku mara tatu naye anachoka. Pangeni zamu, hata ya alasiri moja kwa wiki.

9. MAMA MSUSI

Tulirudi kwenye kikundi kile tukiwa na ripoti yetu ya zamani mkononi. Tukaisoma mbele ya wote, halafu tukamwomba mama msamaha. Mweka hazina alisimama naye, akafungua daftari la michango kutoka mwaka uliotangulia, akaonyesha jinsi sahihi ilivyokuwa ikipungua mwezi kwa mwezi. “Kumbe hiki kitabu kilikuwa kinatwambia,” akasema. Faini zote zikarudishwa.

Mama hajapona. Anasuka kidogo asubuhi baada ya dawa. Kazi yake kubwa sasa ni kukagua vyondo vya wenzake kabla havijaenda sokoni, na wanasema jicho lake ni kali. Hatabasamu sana. Lakini wenzake wamejifunza kumwuliza, “Leo umeamkaje?” badala ya kusoma uso wake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nani katika kikundi anaweza kueleza, kwa mfano wa mradi wa maji, kwa nini mama hatetemeki?
2. Ni dalili zipi za Parkinson ambazo hapa kwetu huitwa uvivu, kiburi, ulevi au uchawi?
3. Je, sheria zetu za faini zinampa nafasi mwanachama kueleza kabla ya kuhukumiwa?
4. Kwetu kuna nani anayestahili kusindikizwa kliniki? Nani atakwenda naye, na siku gani?

Andikeni jibu la swali la nne kwenye kitabu cha mkutano, na mlisome tena mkutano ujao.